Vyungu vya mimea kwenye roshani na uwanja mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao: wanaokaa ghorofani, wanaopanga vyumba vyenye uwanja mmoja wa nyuma, na wale ambao nyumba imekula kiwanja chote ikabaki njia ya kupita tu. Majibu yamelenga joto, upepo na maji ya pwani. Aliye Nairobi, Arusha au Mbeya aanze na swali la 24, kisha arudi juu.

## Kabla ya kununua chochote

1. Roshani yangu ni ya mita moja kwa mbili. Inafaa kweli?

Inafaa. Upana wa sakafu ndio kitu cha mwisho kuangalia. Kwanza tazama jua linaingia saa ngapi na linakaa muda gani, maji utayatoa wapi na yakitiririka yataishia kwa nani, halafu upepo. Roshani ya mita mbili yenye jua la asubuhi na bomba karibu itakulisha mchicha kuliko paa zima lisilo na maji. Na kama maji unayapandisha kwa ndoo kutoka chini, hesabu ndoo kabla hujahesabu vyungu.

2. Nitajuaje kama jua linatosha?

Keti siku moja ya mapumziko uangalie. Nyanya, pilipili, bamia na bilinganya zinataka jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi. Mboga za majani na viungo kama mnanaa na giligilani vinaridhika na saa tatu au nne, na jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri, ambalo pwani linachoma. Pasipoingia jua kabisa, panda mimea ya majani ya mapambo, mboga usihangaike nazo.

Ila siku moja haitoshi kwa mwaka mzima, na hapa wengi hushangaa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita upande wa kusini. Miezi iliyobaki linapita kaskazini. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko kaskazini kwa nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo linaingia vizuri kwenye roshani inayotazama kaskazini na haligusi kabisa ile ya kusini. Desemba mambo yanageuka, lakini jua liko juu zaidi, kwa hiyo roshani ya kusini yenye paa inapata ukanda mwembamba tu wa ukingoni. Anayelalamika kwamba mrehani wake "umekataa" baada ya miezi sita ya kustawi, mara nyingi jua ndilo limehama. Roshani za mashariki na magharibi hazina shida hiyo.

3. Ninunue vyungu vidogo vingi au vikubwa vichache?

Vikubwa vichache. Nafasi ikiwa ndogo mtu hufikiri chungu nacho kiwe kidogo, na hapo ndipo bustani nyingi za ghorofani zinapofia.

Chukua vyungu sita vya upana wa sentimita 12. Ukivipanga viwili kwa vitatu vinakula nafasi ya sentimita 24 kwa 36, na vyote kwa pamoja vinabeba udongo wa lita sita hivi. Chungu kimoja cha upana na kimo cha sentimita 30 kinakaa karibu kwenye nafasi ile ile na kinabeba lita 15 au zaidi kidogo. Udongo mwingi una maana ya maji mengi na mizizi isiyochemka. Siku ya kaskazi, mwezi Januari, chungu cha lita moja ukikimwagilia saa kumi na mbili asubuhi kinaweza kuwa kikavu kabla ya saa tisa alasiri, na wewe uko kazini.

Vidogo vina kazi yake: kuoteshea miche, kupandia shubiri na mimea mingine inayotunza maji kwenye majani, au kukaa dirishani ambapo kikubwa hakienei. Wasiwasi wa uzito umejibiwa hapo chini.

4. Roshani itahimili uzito kiasi gani?

Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wa kawaida uliolowa ina uzito wa kilo 30 hivi. Ndoo kumi ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano waliosimama hapo usiku na mchana. Roshani iliyojengwa vizuri inabeba watu, lakini usirundike mzigo wote kwenye ukingo unaoning'inia hewani. Weka vizito karibu na ukuta wa nyumba na utawanye vilivyobaki.

Ukiona zege la chini ya roshani limepasuka, au nondo zimetokeza na kutu, usiweke kitu. Hilo ni la kumwonyesha fundi mwenye ujuzi wa majengo, na mwenye nyumba aambiwe. Kupunguza uzito, tumia mchanganyiko mwepesi wa swali la 12.

## Chungu cha aina gani

5. Chungu cha udongo, cha plastiki au cha saruji?

Cha udongo wa kuchomwa kinapumua: maji hupenya ukutani na kukauka nje, na hilo hupoza mizizi. Kwa hiyo kinakauka haraka, na kinavunjika. Ni kizuri kwa waridi la jangwani, shubiri na mkonge mwitu, ambayo haipendi kulowa muda mrefu. Kikiwa kipya, kizamishe kwenye beseni la maji mpaka kiache kutoa mapovu ndipo upande, la sivyo kitaunyonya udongo wako.

Plastiki ni nyepesi, inatunza maji, na kwa ghorofani ndiyo ninayoipendekeza kwa mboga. Ile laini ya bei ya chini hukauka kwa jua na kumeguka ukiishika ukingo kuinyanyua. Rangi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: chungu cheusi kilichopigwa na jua la mchana kinachemsha mizizi ya pembeni. Chagua cheupe au cha rangi hafifu, au kipake chokaa.

Saruji ni nzito na inafaa chini, penye upepo au watoto wa mpira. Kikiwa kimetoka kwa fundi juzi, kijaze maji na uyamwage mara kadhaa kwa wiki mbili tatu, maana saruji mbichi inatoa chokaa inayodhuru mizizi.

6. Naweza kupanda kwenye chungu cha kupikia?

Ndiyo, na vinapendeza. Vyungu vya Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, vinavyouzwa Matema, vina umbo la kutulia na kuta nyembamba. Shida ni kwamba havina tundu. Kigeuze juu ya gunia lililokunjwa, tumia keke (drili ya mkono) yenye biti ya kutobolea tofali, zungusha polepole huku mtu anamwagia maji, wala usigongegonge. Kikipasuka, kipande kitafaa kufunikia tundu la chungu kingine.

7. Ndoo za rangi, madumu na makopo je?

Ndoo ya mafuta ya kula, dumu la maji na kopo la maziwa ni salama. Ndoo ya rangi ya ukutani ioshwe mpaka isibaki hata ganda, na mimi ningeiwekea maua badala ya mboga. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, oili chafu au tindikali ya betri usikitumie hata kwa maua, kwa sababu kesho mtu mwingine atapandia matembele.

Dumu la lita 20 lilazwe ubavu, ukate upande wa juu. Unapata kihori kirefu chenye kina cha kutosha mchicha na kitunguu cha majani, na mkono wa dumu unabaki wa kulibebea.

8. Viriba na magunia?

Viriba vyeusi vya miche bado vinapatikana kwa wauza miche: Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya kilimo havikuguswa. Vinafaa kwa mwezi mmoja miwili, kisha vinachanika.

Gunia ni habari nyingine. Watu wa Kibera, Nairobi, wameonyesha kwamba gunia moja linaweza kulisha nyumba sukuma wiki. Unaweka kopo lisilo na kitako katikati, unalijaza mawe madogo, unazungushia udongo na samadi pembeni, unalivuta kopo juu, unajaza tena, mpaka gunia lijae likiwa na nguzo ya mawe ndani ya kupitishia maji. Halafu unatoboa ubavuni na kuchomeka miche kuzunguka. Lakini gunia hilo likilowa halisogezwi tena. Ni la uwanjani. Ghorofani soma swali la 4.

9. Matundu mangapi, na ukubwa gani?

Kwa ndoo ya lita 20, matundu matano au sita kitakoni, kila moja upana wa kidole kidogo. Pasha msumari mnene motoni, ushike kwa koleo, toboa ukiwa nje maana moshi wa plastiki ni mbaya. Ongeza matundu mawili matatu ubavuni, sentimita mbili kutoka chini, kwa sababu ndoo ikikaa juu ya vigae laini matundu ya kitakoni yanazibika.

10. Niweke kokoto chini ili maji yatoke vizuri?

Hapana. Najua kila mtu amefundishwa hivyo. Maji hayashuki kutoka udongo mlaini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo ile sehemu iliyolowa chepechepe ambayo ingekuwa kitakoni unaipandisha juu, karibu na mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo pia. Funika tundu kwa kipande cha neti au kigae kilichopinda ili udongo usitoke, basi. Nguzo ya mawe ya gunia katika swali la 8 ni tofauti: ile imesimama wima na kazi yake ni kushusha maji hadi chini.

11. Kila mmea unataka kina gani?

Sentimita 15 zinatosha mchicha wa kung'oa, giligilani na kitunguu cha majani. Sentimita 20 kwa mrehani, mnanaa, figiri na spinachi. Kuanzia 30 ndipo uweke pilipili, bamia, bilinganya na nyanya, na nyanya ipewe ndoo nzima ya lita 20 peke yake. Mnanaa unapenda upana kuliko kina: beseni lililopasuka linaufaa.

## Udongo

12. Nichanganye udongo gani?

Sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya kitu cha kulegeza kama pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kwa roshani ambayo uzito unakutia shaka, punguza udongo uwe sehemu moja na uongeze makumbi. Finyanga konzi moja ikiwa na unyevu, kisha uiguse kwa kidole: ikivunjika ni nzuri, ikibaki donge ina mfinyanzi mwingi, isiposhikana kabisa ina kichanga.

Samadi ya kuku ni kali. Ikae miezi kadhaa mpaka iache kunuka, la sivyo inaunguza miche. Usijaze chungu hadi mdomoni. Acha sentimita tatu, maji yapate pa kusimama kabla ya kuzama.

13. Mchanga wa baharini?

Una chumvi. Nunua wa mtoni.

14. Makumbi ninayapata wapi na nayaandaaje?

Kwa wakuna nazi na wauza madafu, bure au kwa pesa kidogo. Chana nyuzi, katakata fupi, loweka kwenye ndoo. Maji ya kwanza yatatoka ya kahawia nzito. Mwaga, jaza tena, rudia mpaka yawe meupe. Makumbi mabichi yana chumvi chumvi na maji yake makali yanadumaza miche, hivyo usiiruke hatua hii hata kama una haraka.

## Kuvipanga

15. Nianzie wapi kupanga?

Anza na vitu visivyo mimea. Fungua mlango wa roshani hadi mwisho na uweke alama ya chaki unapofikia. Acha njia ya sentimita 60. Nguo zinaanikwa wapi? Mtungi wa gesi au jiko la mkaa liko kona gani? Kinachobaki ndicho cha vyungu, na kwa kawaida ni kona mbili na ukanda wa kando ya ukuta.

Sasa weka vizito chini na kwenye kona. Kila kimoja kikae juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapite na vigae visishike madoa. Vyepesi viwekwe kwenye ngazi ya mbao ya hatua tatu. Nasema ngazi, si rafu iliyosimama wima, kwa sababu jua letu la mchana linapiga utosini: rafu ya juu inaizibia ya chini, na mimea ya chini inarefuka miguu ikitafuta mwanga. Ngazi inampa kila mmoja anga yake. Kinachokauka haraka kikae usawa wa macho, ukione kabla hakijalala.

Mimea mirefu iwe upande ambao haitazibia mifupi asubuhi. Ukishapanga, iache wiki moja kabla ya kununua kitu kingine.

16. Upepo unaangusha kila kitu. Nifanye nini?

Kusi ndio mkorofi zaidi, hasa Juni hadi Agosti, na kwenye ghorofa za juu unavuma kwa nguvu kuliko chini. Sogeza vyungu vikaribiane vishikane, virefu vikae nyuma ya ukuta wa kiunoni, na mmea mrefu ufungwe kwenye grili kwa kitambaa laini, si waya. Chungu chembamba kirefu kitie ndani ya ndoo pana yenye mawe pembeni. Karibu na bahari upepo unabeba chumvi. Osha majani kwa maji safi mara moja moja.

17. Naweza kutundika vyungu kwenye grili?

Tundika upande wa ndani. Nimeona vikitundikwa kwa nje juu ya njia ya watu, ghorofa ya tatu, kwa waya mmoja wa kufungia nondo, na sielewi mwenye navyo analalaje. Tumia kulabu mbili kwa kila kihori, na mimea isiyozidi lita tatu nne za udongo. Maji yake ya ziada yatiririkie ndani kwako; jirani wa chini ameanika mashuka.

18. Mimea miwili mitatu kwenye chungu kimoja?

Iwe yenye kiu moja. Mrehani, giligilani na pilipili wanaelewana kwenye chungu kikubwa. Shubiri na mnanaa hawaelewani: mmoja ataoza au mwingine atakauka. Mnanaa kwa kweli haukai na mtu, unatambaa mpaka unamiliki chombo. Mchaichai nao upe ndoo yake.

19. Kuna mashine ya kiyoyozi kwenye roshani. Ina shida?

Hewa inayotoka mbele yake ni ya moto na kavu, na mmea ulio mbele yake utababuka majani. Uache mita moja, au utumie eneo hilo kwa ufagio na ndoo. Maji yanayodondoka kwenye bomba lake hayana chumvi na yanafaa maua. Kwa mboga za kula siyatumii, yamepita kwenye vumbi na chuma.

20. Nataka roshani inukie jioni.

Asumini. Ndoo ya lita 20, jua la nusu siku, na kamba tatu za kupandia ukutani. Maua hufunguka magharibi inapoingia. Weka chungu cha mrehani mlangoni, mahali nguo inaugusa unapopita. Ukiwa na hivyo viwili na mwaridi mmoja, sehemu kubwa ya kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, unayo nyumbani.

## Maji

21. Nimwagilie mara ngapi?

Ratiba ya siku haisaidii, kidole kinasaidia. Kichomeke sentimita tatu. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi mapema mpaka maji yatoke chini. Kipindi cha kaskazi vyungu vidogo vitataka mara mbili kwa siku, vya lita 20 mara moja au siku baada ya siku. Masika ikianza Machi, walio nje ya paa waache wanywe mvua.

Ukiona maji yanapita pembeni mwa udongo na kutoka chini mara moja, udongo umekauka mpaka umejikunja na haushiki tena. Zamisha chungu kizima kwenye beseni kwa nusu saa.

22. Sahani za chini ya vyungu zinaleta mbu?

Ndiyo, na si wa malaria bali yule wa mchana mwenye madoa meupe, Aedes, anayeeneza dengue, au kidingapopo. Dar es Salaam ililipukiwa na ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu anapenda hasa vyombo vidogo vya maji yaliyotuama karibu na watu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi kwenye joto letu, hivyo sahani ikimwagwa kila wiki hawafiki popote.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hubandikwa kwenye ukuta wa sahani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri. Sugua kwa brashi. Au jaza sahani mchanga wa mtoni hadi mdomoni: maji ya ziada yanaingia, mbu hapati pa kutagia. Angalia pia madumu yaliyokatwa yasiyotumika na makopo yaliyoinamishwa kona.

23. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Pia nina maji ya kufulia.

Chumvi unaijua kwa utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani kuungua. Mwagilia kwa wingi badala ya kidogo kidogo, ili chumvi ioshwe itoke chini, usiloweshe majani, na mvua ikinyesha vitoe vyungu nje. Spinachi, bogenvilia, mkonge mwitu na waridi la jangwani huvumilia. Maharage na vitunguu havivumilii. Ukipata maji ya mvua, yawekee miche.

Maji ya kufulia yana sabuni ya unga yenye chumvi zake, na pengine dawa ya madoa. Mwagia ngazi za jengo, si mimea. Maji ya kuoshea mchele au mboga hayana neno.

## Hali za pekee

24. Niko Nairobi. Nifuate haya haya?

Mpangilio ndiyo, maji hapana. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na Julai ni baridi na mawingu. Chungu cha udongo kinachokauka kwa siku moja Dar kinaweza kukaa na unyevu siku kadhaa, na mizizi ikaoza. Huko chungu cheusi kinasaidia badala ya kudhuru. Mrehani na bamia zitanung'unika. Sukuma wiki, giligilani na spinachi zitakushukuru. Arusha na Mbeya ni hivyo hivyo. Kuhama kwa jua katika swali la 2 kupo pia, ila tarehe zinasogea: Nairobi jua linapita kusini kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi.

25. Nimepanga chumba, uwanja ni wa wote.

Zungumza na wenzako kabla ya kuleta ndoo ya kwanza, na mama mwenye nyumba apewe taarifa naye. Tumia vyombo vinavyobebeka, usiweke kwenye mfereji wa maji wala njia ya chooni. Kuku wa jirani watafukua. Tandaza matawi ya miiba au kipande cha neti juu ya udongo mpaka miche ishike. Panda mchaichai mwingi kuliko unaouhitaji. Wanaochuma wa chai yao ndio watakaomwagilia ukisafiri.

26. Nikisafiri na hakuna wa kumwagilia?

Kwa siku nne tano: vikusanye vyungu vyote kivulini, mwagilia mpaka vitiririke, funika udongo kwa makumbi au nyasi kavu, na kwa vile vikubwa chomeka chupa ya maji iliyojaa, mdomo chini, kizibo kikiwa na tundu la sindano. Zaidi ya hapo mwachie mtu ufunguo. Usiviache ndani ya sahani zilizojaa maji. Swali la 22.

27. Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Naweza kujaza paa vyungu?

Taratibu. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari nyingi zimebebwa na boriti za mikoko. Maji yakivuja kidogo kidogo boriti inaoza bila wewe kuona, na chokaa inapoloa daima inabanduka. Weka vyungu vyepesi, juu ya vichanja, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na usitegemee sahani kukusanya maji: hakikisha yanafika kwenye mlizamu, yaani mfereji wa kushusha maji ya paa. Mji huo uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo kujenga kihori cha saruji au kutoboa ukuta wa mbele kunataka kibali.

28. Nina watoto wadogo na paka. Mimea gani niiogope?

Waridi la jangwani lina utomvu wenye sumu kali. Wahadzabe wameutumia kwenye mishale. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Viweke juu ya kimo cha mtoto au uviache dukani, na ukivipogoa nawa mikono kwa sabuni. Paka huchimba udongo laini: panga mawe bapa juu yake.

29. Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo.

Vidungata. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni jua likishazama, kisha suuza kesho yake. Rudia baada ya wiki. Dawa hiyo hiyo huwafaa vidukari na inzi weupe, mradi ufikie chini ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, wanafuata utamu wa wadudu hao, angalia juu.

30. Naweza kuwa na mti wa matunda kwenye chungu?

Mndimu, mlimau na mkomamanga, ndiyo, ukinunua mche uliobebeshwa ili usingoje miaka. Chombo kiwe cha lita 40 hadi 60, maana yake kilo 60 hadi 90 kikilowa, hivyo amua pa kukiweka kabla hujakijaza. Mwembe usijaribu. Kila baada ya miaka miwili mitatu utoe mti, ukate mizizi inayozunguka pembeni, urudishe na udongo mpya.

31. Udongo wa mwaka jana niutupe?

Kama mmea ulikufa kwa kuoza mizizi au kunyauka ghafla, ndiyo, na chungu kisuguliwe na kuanikwa juani. Vinginevyo umwage kwenye turubai, toa mizizi, uanike siku mbili tatu, kisha ongeza samadi robo yake na konzi za makumbi. Usipande familia ile ile mfululizo: palipokuwa na nyanya au bilinganya, weka mchicha.